Baiskeli ya Marehemu Kasimiri

Kwetu Mwananyamala, Dar es Salaam,
naandika nikiwa Kibiti, njiani.
Tarehe 11 Septemba, 1968.

Mpendwa Mjomba Albano,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba sasa umepoa. Mama Margareta hajambo? Mikorosho imeshika maua mwaka huu, au upepo umeyapukutisha tena? Mie sijambo, ila magoti yanauma na viganja vimetoka malengelenge. Unisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la tatu, wewe mwenyewe wajua.

Mjomba, tunakuja huko kwa baiskeli. Sie vijana wa TANU wa Mwananyamala na Tandale tunakuja kutembelea vijiji vya ujamaa vya kusini, tulime nao kidogo, ndipo turudi. Kiongozi wetu ni mwalimu Gozbert, mtu wa Bukoba. Mie nimechukuliwa kwa kuwa kusini ndiko kwetu na lugha naijua. Si kwa kusema, maana kusema sijui.

Sharti lilikuwa kila mtu aje na baiskeli yake. Mie sina. Nyumbani ilikuwepo moja tu, ya kaka Kasimiri, ile aliyokuwa akibebea magogo ya mpingo ya kuchonga. Tangu afariki ilikaa chumbani kwa shemeji Adelina, imefunikwa gunia. Nilipomwomba akasema chukua, chuma kinaota kutu bure.

Nikaitoa uani. Nikaziba pancha, nikapaka mnyororo grisi, nikakaza breki. Halafu nikaipanda nione kama tairi linashika upepo. Hapo ndipo nilipokosea, mjomba. Nilizunguka ua tu, lakini bibi Yuliana wa kwetu Ndanda alikuwa amekaa pale anapepeta mchele. Aliponiona juu ya kiti cha marehemu akapiga kigelegele. Wewe unajua maana yake. Kwetu anayekalia chombo cha kazi cha marehemu mbele ya watu amekubali kukaa mahali pake, na mke wake yumo humo. Mie akili yangu yote ilikuwa kwenye tairi.

Toka hapo watu wa kwetu hawaniiti tena Leonardi. Wananiita Kasimiri. Hata sokoni Tandale ninakobeba magunia, wenzangu wananiuliza pombe ya kurithi mke itanywewa lini.

Shemeji naye akaanza kunikwepa. Zamani alikuwaga ananitengea chakula mwenyewe, sasa akawa anamtuma mwanawe Bernadeta. Nikipita, mlango anaurudisha. Nilitaka kumwambia sikukusudia. Nikifika mlangoni nageuka. Nikafikiri niirudishe baiskeli. Tena nikaona nikiirudisha watu watasema nimemkataa, na hiyo ni aibu yake yeye, si yangu. Basi nikakaa kimya, na kimya changu wakakifanya ndiyo.

Jumapili moja tulijaribu mwendo mpaka Segerea na kurudi, mwalimu akipiga filimbi kila tukikaa ovyo barabarani. Tukafunga mablanketi, unga, pampu ya wote, na kila mtu jembe lake nyuma kwenye keria.

Asubuhi ya kuondoka tulikusanyika uwanjani, majirani wakaja kutuaga. Mtani wetu Salumu hakuniacha. Akasema, "Kasimiri mdogo, muage mkeo vizuri, porini Rufiji kuna simba wanapenda bwana harusi." Watu wakacheka. Mie nikaangalia matairi.

Ndipo shemeji akatoka kwa wanawake wenzake, akaja akashika usukani. Hakupaza sauti.

"Shemeji Leonardi, baiskeli nimekuazima. Watu wote hawa wasikie. Mie sikuazimwa pamoja nayo."

Salumu akashika kofia yake mkononi. Bibi Yuliana akasema, "Mwanangu, hayo huamua mjomba."

"Basi mjomba aniulize na mie," shemeji akajibu.

Mjomba, sijapata kusema mbele ya watu wengi maisha yangu yote. Siku hiyo nilisema. Nilimwambia, "Nimeazima, shemeji. Nitairudisha." Akaachia usukani. Mwalimu akapiga filimbi, tukaondoka.

Tulipita Temeke, tukapita Mbagala, halafu mchanga. Mahali pengine tunazibeba baiskeli mabegani kama maiti. Tunalala kwenye shule. Leo tumefika hapa Kibiti, mwenzetu Apolinari kachanika goti, tunamngoja apate nafuu ndipo tukavuke Rufiji kwa kivuko.

Barua nampa dereva wa lori linalokwenda Nachingwea, ataiacha hapo misheni. Nina haraka kwa sababu nasikia bibi Yuliana keshatuma habari huko kwa watu wa basi. Nakuomba usikubali mtama ulowekwe. Pombe ikishaiva, hakuna tena wa kumuuliza Adelina.

Sitaki kukuficha. Angenitaka kwa moyo wake, mie nisingekataa. Tangu niingie mjini yeye ndiye aliyekuwa akinipikia na kuniuguza. Lakini hakunitaka, na nimemsikia kwa masikio yangu. Yuko na ushirika wa akina mama wa kushona, anataka kubaki palepale na mwanawe. Neno la kumfungua liko kwako. Mwite au mwandikie, umuulize mwenyewe. Akisema hapana, iwe hapana.

Sie tukikaribia hapo nyumbani, wenzangu wataingia wamepanda. Mie nitashuka kule kisimani, niikokote baiskeli kwa miguu mpaka mlangoni pako, wote waone kiti hakina mtu. Nawe utoke uipokee mkononi mwangu, useme mbele yao kwamba ni ya Adelina, mie nimeazima tu.

Msalimie sana mama Margareta, Demetria na watoto wake, na kaka Fransis. Mama yangu mwambie nakula vizuri. Mungu awaweke, awape mvua kwa wakati wake, na kaka Kasimiri apumzike.

Ni mie mpwa wako, nikupendaye na kukuheshimu,

Leonardi