Hina ya Yasmini na Uwanja Mpya

Yasmini kapita! Yasmini wetu ndiye atakayefungua uwanja mpya wa mbio, na mwanangu Nassor ndiye atakayekuwa juu ya mgongo wake!

Haya. Sasa nakusalimu, daftari langu. Leo Jumanne, mwezi wa Disemba, mwaka wa sabini. Hapa Sib, karibu na Maskati, kuna ubaridi mzuri, upepo unashuka kutoka milimani, nimejitanda shali mbili. Huu mkono unaoandika una hina mpaka kwenye kifundo, na hiyo hina ndiyo iliyotaka kunizika leo mchana kweupe.

Ngoja nianze mwanzo. Mie Unguja nilisoma mpaka darasa la nne tu, nikianzia katikati napotea.

Yasmini ni mtamba wa shemeji yangu Khalfan, ndugu wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyetupokea, mie na Nassor, tulipofika kutoka Unguja miaka sita iliyopita na furushi moja la nguo. Mtamba ni farasi jike ambaye hajazaa bado. Huyu alizaliwa humu humu bandani, miaka mitatu nyuma, na mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya Nassor. Jina nilimpa mie. Wanaume wa hapa walicheka, farasi gani anaitwa ua? Nikawaambia subirini anukie.

Rangi yake ni ya tende iliyoiva. Usoni ana baka jeupe, na miguu mitatu myeupe kama kavaa soksi. Wa mbele wa kulia ndio umeachwa na rangi yake. Alama hiyo watu wa hapa wanaiona baraka. Mama yake, Ghazala, anayo. Bibi yake alikuwa nayo.

Na kuna jambo nililipenda tangu siku ya kwanza niliyolisikia: farasi wa asli, wa damu isiyochanganyika, hapa anahesabiwa kwa mama. Fulani binti Ghazala, Ghazala binti fulani, mpaka msemaji anakaukiwa na mate. Baba anatajwa mwisho, akikumbukwa. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili.

Sasa uwanja. Ule wa zamani, ile ardhi ngumu nyuma ya mashamba ya mitende, unachukuliwa na barabara. Vigingi vimeshapigwa katikati, vina vitambaa vyekundu. Wazee hawakugomba. Barabara tunaitaka sote, maana mgonjwa wa kwenda Maskati leo hii anapakiwa huku anasomewa Yasini. Walichoomba ni kipande kingine upande wa bahari, na watu wa barabara wakawasawazishia kwa katapila.

Mie sijapata kuona kitu kama kile. Lile dude lilisukuma vilima vya mchanga kama mtu anayekusanya makombo mkekani. Siku mbili, kwisha! Shemeji Khalfan, mtu mzima na ndevu zake, alisimama kando kutwa nzima, kiganja mdomoni.

Kisha tukaingia sisi, wanaume na wanawake, kuokota kokoto. Kokoto moja chini ya kwato ni mguu umevunjika. Mie peke yangu nimeokota ndoo arobaini, na asiyeamini akaulize.

Wazee wakakata shauri: uwanja mpya ufunguliwe kwa ardha, na ardha ifunguliwe na mitamba wawili wa asli. Ardha ndiyo mbio za hapa. Farasi wanatoka wawili wawili, ubavu kwa ubavu, na wapandaji wameshikana mabega hali farasi wanaruka. Mara ya kwanza nilipoiona nilifumba macho. Mara ya pili sikupepesa.

Wa kuwathamini mitamba akaitwa Shekhe Hilal, mzee wa upande wa Barka. Macho yake hayaoni mbali tena, lakini wanasema hajakosea farasi tangu aote ndevu.

Na shemeji alishasema, mbele yangu na mbele ya Nassor: Yasmini akipita anabaki, awe mama wa farasi wa nyumba hii. Asipopita, yupo mfanyabiashara wa Dubai, atamchukua Alkhamisi. Simlaumu. Majani ghali, na nyumba ina midomo mingi.

Siku tatu Nassor hajala chakula kikashuka.

Mie sasa. Nikiri hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Wiki nzima nimekuwa nikijigamba sokoni. Kila niliyekutana naye nilimwambia kuwa mtamba wa mwanangu hana mfano kutoka hapa mpaka Sohar. Watu wanatuita watu wa karafuu. Wanasema tunajua kupika pilau na kunukia, farasi hatuwajui. Nilitaka waone.

Basi leo Nassor alitoka msikitini alfajiri akaenda na shemeji moja kwa moja uwanjani kumalizia mstari. Bi Zahra, mke wa shemeji, akanipa bakuli la hina. Hapa farasi wa sherehe hupakwa hina mkiani.

"Mpake kidogo tu, ncha ya mkia," akaniambia.

Kidogo! Mie niliyepamba mabibi harusi Malindi nzima kule Unguja, nipake ncha ya mkia?

Nilimpaka mkia. Nikampaka singa za shingoni. Kisha nikaitazama ile miguu mitatu myeupe, nikaiona kama miguu ya bibi harusi inayonisubiri. Nikaipaka mpaka magotini, nikaifunga vitambaa. Ule wa nne ukaonekana mnyonge, yatima. Nikaupaka na wenyewe.

Yule mnyama alisimama kimya kama aliyesomeshwa. Ananipenda.

Baada ya alasiri nikamfungua. Hina ya Sib si ya mchezo, imeshika kama damu ya mzee! Nikamvisha kikuba cha mrehani na asumini, nikamfukiza udi, nikamshika kamba mwenyewe, na Bi Zahra nyuma yangu anasema, "Mama Nassor, mbona umezidisha?" Nikamjibu, "Wivu huo, mwenzangu." Tukapita sokoni. Nilipita polepole khasa.

Uwanjani mazulia yametandikwa, kahawa inazunguka, wazee wamekaa duara. Shekhe Hilal kati, mdogo kama mtoto, fimbo mapajani. Mtamba wa kwanza kapita. Wa pili nasaba yake ilikatikia kwa mama wa nne, hakuna aliyeweza kuendelea, mwenyewe akampeleka pembeni huku kainamisha kichwa. Nafasi ikabaki moja. Akaitwa wetu.

Shemeji Khalfan akasoma nasaba bila kuvuta pumzi. Binti Ghazala, binti nani, binti nani, mama saba. Kisha akasoma alama: baka usoni, miguu mitatu myeupe, wa mbele wa kulia umeachwa.

Wazee wakainama kutazama miguu.

Halafu mtu mmoja mwenye kilemba cha rangi ya zafarani akaangua kicheko. "Huyu ana miguu minne myekundu! Watu wa Zinjibari wametuletea bibi harusi. Mahari iko wapi?"

Wakacheka wote. Mwingine hakucheka. Yeye alisema neno moja tu, kuwa miaka ya nyuma mtu alileta mtamba wa kuazima akamwita wa asli. Kicheko kikafa palepale. Nikamtazama shemeji, uso wake umekuwa wa majivu. Wakati huo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Zile soksi ndizo cheti chake. Nimekifuta kwa mkono wangu, kwa mapenzi.

Shekhe Hilal akasema taratibu, "Alama nisiyoiona siitolei ushahidi."

Nassor akatoka mbele. Mwanangu. Kimya chake chote kile, mtu wa kuongea na farasi zaidi ya watu. Akasema, "Samahani, shekhe. Hina nimempaka mimi."

Ukisema hivyo mbele ya wazee wa farasi, wewe ni mjinga au mwizi. Alilijua hilo. Akalibeba ili mama yake asichekwe.

Sijui miguu ilinitoaje kwa wanawake. Nilijikuta katikati ya zulia, buibui linaburura, mkono juu. "Muongo huyo! Nimempaka mie! Tazameni!" Nikawaonyesha viganja. "Kiarabu changu kibovu na farasi siwajui. Nilimpamba kama mwanangu, basi. Kosa langu mie. Msimhukumu yeye wala mtamba."

Bi Zahra akapaza sauti kule nyuma, "Nilimwambia ncha ya mkia!"

Hata shemeji alicheka, nusu kilio.

Shekhe Hilal akaomba birika la maji. Watu wawili wakamshika, akapiga magoti mchangani, mtu wa umri ule, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto. Nassor akasimama kichwani kwa Yasmini, anamnong'oneza. Mzee akamwaga maji, akazipasua nywele kwa kucha ya kidole gumba, akalaza uso mpaka ndevu zikagusa mguu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sina pa kurudi, nikaona. Chini ya ile hina, ngozi ni ya waridi. Waridi kama ulimi wa paka.

"Mweupe," akasema.

Akahamia wa nyuma wa kulia. Maji, kucha. "Mweupe."

Wa mbele wa kushoto. "Mweupe."

Akafika wa mbele wa kulia. Watu wote walikuwa wameshasimama. Nikasikia bahari. Akapasua nywele, na ngozi ya chini ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Umeachwa," akasema. Kisha akanigeukia mie. "Mama, hina inashika nywele. Ngozi haidanganyi. Farasi mwenye mguu mweupe huzaliwa na ngozi ya waridi hapo, na hakuna mwanamke duniani wa kuibadilisha."

Daftari langu, nimepata kuona bahari imechafuka, nimepata kuona katapila, lakini yule mzee kwenye magoti, anamsoma mnyama kwa ukucha, nilihisi nywele zimenisimama. Miaka mitatu nimemwogesha Yasmini na sikuwahi kujua kuna nini chini ya manyoya yake. Nilidhani najua kutazama.

Akainuliwa. Akampapasa kifua, akamshika taya, akamwomba Nassor amtembeze aende na arudi. Shemeji akauliza kwa adabu, thamani yake ni ipi, kwa kuwa asipopita yuko mnunuzi.

Shekhe Hilal akamtazama kama aliyetukanwa. "Bibi wa huyu alinipita kwenye uwanja wenu wa zamani, mimi nikiwa na meno yangu yote. Vumbi lake nalionja mpaka leo. Mimi sitaji fedha. Naomba jambo moja: mtoto wake wa kwanza jike mniwekee mimi, au mjukuu wangu kama nimeshatangulia."

Mzunguko mzima wa wazee ulivuta pumzi. Nikamuuliza Bi Zahra kwa kunong'ona, ndiyo kusema nini? Akaniambia: ndiyo bei ya juu kabisa, hakuna zaidi. Mtu akiomba binti ambaye hajatungwa tumboni, amekwisha kumthamini mama.

Shemeji akasema, "Umepewa." Kisha akaongeza, "Na Dubai watafute mwingine."

Nassor akaficha uso kwenye shingo ya Yasmini. Akakaa hapo. Aliponyanyuka shavu lake lilikuwa jekundu, hina ya singa bado ilikuwa mbichi! Yule wa kilemba cha zafarani akasema, "Sasa mabibi harusi wawili." Mara hii nilicheka na mie.

Tukarudi kwa njia ya uwanja wa zamani. Shemeji akasimama kwenye vile vigingi. Akavua viatu akatembea mstari wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, Yasmini nyuma yake. Jumamosi katapila linaingia pale. Nikajiuliza, na ule mpya je? Siku moja na wenyewe utatakiwa na barabara? Huenda. Lakini Ghazala yupo, Yasmini yupo, na binti wa Yasmini ameshaombwa. Ardhi ikihama, wao wanahama nayo. Kwani sisi hatukuhama?

Nassor amekula leo. Sahani mbili za wali na samaki, na akakomba sufuria. Kabla ya kulala akaniambia, "Mama, siku nyingine ncha ya mkia." Nikamwambia, "Mwanangu, siku nyingine usiseme uongo kwa ajili yangu." Akasema hiyo hawezi kuniahidi.

Hina haitoki. Tumejaribu ndimu, tumejaribu majivu, ndiyo kwanza inawiva. Yasmini atakimbia na miguu yake minne myekundu, na atakayeuliza nitamwambia mwenyewe aliyempaka ni nani.

Nimeshatuma salamu. Dada yake Bi Zahra anakuja kutoka Qurayyat na wanawe wote. Jamaa wa Bawshar wanakuja. Wenzetu wa Unguja walioko Matrah, wale waliosema Nassor kapotelea kwa wanyama, hao nimewaalika mara mbili. Wali wa nazi napika mie, halua analeta shemeji, kahawa haina hesabu. Mahali ni uwanja mpya, upande wa bahari, pale nilipookota ndoo arobaini.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini tu.