Mlango wa Kijani kwa Papa Kasereka

Jumatatu, 10 mwezi wa pili 2003. Mulekera, Beni

Kusoma Biblia tena kwa Papa Kasereka. Nehemia, sura ya tatu. Majina na malango, majina na malango. Alisoma mwenyewe kwa ile sauti yake ya mafuta, ameegemea mlango wangu.

Ni wangu. Mume wangu ni seremala, aliutengeneza kule Eringeti kabla hajaenda Butembo kutafuta kazi. Askari walipopora mtaa wetu walibeba hadi milango. Huu Kasereka ameupaka rangi ya kijani. Rangi haikuziba alama. Kila Noeli baba yake Masika alikata kwa kisu, ukingoni, pale kichwa cha mtoto kilipofika. Wiki iliyopita nikiingia, kidole gumba kiliteleza kikazama humo. Nikakichomoa, nikaketi kwenye mkeka wa watu.

Mwanangu Masika alikufa kwa homa njiani, tukikimbia. Sina picha yake. Sina hata gauni.

Nikanywa chai ya Kasereka, nikarudi.

Jumatano, 12

Kwa Mzee Paluku, mkubwa wetu. Sura ya tano. Matajiri wanaambiwa warudishe mashamba na nyumba za ndugu zao. Tukanyamaza kama desturi, mwenye neno aseme. Kasereka akasimama. Eti sura imemgusa. Eti anawahurumia matajiri wenye mioyo migumu. Na machozi juu.

Huyu anajua nimetoka Eringeti. Alishajisifu mbele yangu kwamba mbao za mlango wake ni za huko. Hakuuliza kitu.

Nikifungua mdomo nitapiga kelele, na sisi wa kanisa la Marafiki hatupigi kelele mbele ya Biblia.

Ijumaa, 14

Nimechoka kusifiwa. Eti kimya cha Mama Masika kirefu, eti Mama Masika anakaa na Mungu. Mungu gani? Nakaa na mlango.

Mzee Paluku anapanda Butembo kwa kikao cha kanisa. Aliniita pembeni. "Mama Masika, weye unajuaka kunyamaza. Donc utatufungia kusoma mpaka nirudie."

Basi mkono ni wangu. Kwetu kusoma hakuishi kwa amina. Anayefunga anampa jirani mkono, jirani anampa mwenzake, unazunguka wote, ndipo watu wanainuka. Kabla ya mkono hatoki mtu, hata mvua ikinyeshea nguo zilizoanikwa.

Nilikubali. Nilicheka njia nzima, kicheko kibaya.

Jumamosi, 15

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza mpaka viganja vikawaka. Jumatatu ni zamu ya Kasereka tena. Mwenye nyumba hukaa kando ya anayefunga. Sitaki kumgusa.

Jumatatu, 17

Sura ya tisa. Toba, ndefu. Kisha kimya.

Nikaikalia mikono yangu.

Mwanzoni walipenda. Nyuso zimeinama, tamu. Kisha mmoja akakohoa. Chai ikapoa. Nje mtu wa pikipiki akapiga honi, anamtafuta abiria wake aliye ndani, akachoka akaondoka. Hakuna aliyeinuka. Watu hawa wanaweza kula jasho la wenzao, lakini desturi hawavunji.

Kasereka akaleta mkono wake mwenyewe, kichinichini. Kiganja kinene. Nikautazama kama panya aliyekufa. Akanong'ona kwamba watu wanachelewa, "Mama Masika, batu beko na kazi."

Nikasema kwa nguvu. "Ule mulango ni wa kwangu. Tia kidole pale pembeni. Ile ni kichwa ya mutoto wangu."

"Mais nililipa makuta yangu! Hapana kuiba. Kila mutu hapa alinunua kitu kwa basoda."

Nikasubiri mmoja akatae kwamba alinunua kwa askari. Wote walitazama mkeka. Nikaelewa: mabati ya huyu, kitanda cha yule, beseni la sombe ninaloazimwa kila Jumamosi. Nilijiona nimekaa kwenye jaa. Tumesoma toba na vitu vya watu viko nyumbani vinatungoja.

Nikaendelea kukalia mikono.

Kasereka akainuka, wa kwanza kuvunja. Akaenda mlangoni, mgongo kwetu. Nikaona kidole chake kikishuka ukingoni, kikasimama, kikashuka tena, kikasimama. Alikaa hivyo. Kisha akamwomba mkewe bisibisi. Tukasikiliza bawaba zikitoka. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia.

Nikampa mkono bibi wa upande wa pili. Ukazunguka mpaka mlangoni, ukaishia hapo.

Alhamisi, 20

Vijana wawili wa kanisa waliuleta mlango jana, hawakunisalimu vizuri. Haufai kwenye chumba changu cha kupanga, ni mpana. Nimeusimamisha ukutani. Wanawake wawili wameacha kununua sombe yangu. Hakuna anayesifu kimya changu sasa. Wanune.

Beseni nimelirudisha. Sitaliazima tena.

Jumatatu, 24

Mzee Paluku amerudi. Ameambiwa yote, hakuniuliza. Tumeingia kitabu cha Esta. Kwa Kasereka, kama zamu ilivyo. Mahali pa mlango pana kitenge cha mkewe. Upepo ukikipeperusha, unaona askari wakipita barabarani, na wao wanakuona. Mke wake hakuacha kutazama huko.

Mzee akafunga. Mkono ukaja kutoka kushoto, na kulia kwangu alikuwa Kasereka. Nikampa. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nikajipangusa kwenye nguo, akaona. Sijamsamehe. Anajua.

Nyumbani nilichukua kisu nikaparua rangi ya kijani ukingoni tu. Alama zikatoka, moja juu ya nyingine. Ya mwisho inafika hapa mbavuni, chini ya ziwa. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa amefika hapa.

Nikasimama nayo kidogo. Kisha nikaenda kutwanga sombe.