Sangara Badala ya Kitufe

Jumatatu, 12 Mei 2025
Barua kutoka utawala wa chuo. Tovuti zote, hata za taasisi zenye nembo zao, lazima ziweze kutumiwa na mtu asiyeona. Mwisho Ijumaa! Hapa Taasisi ya Uvuvi kitengo cha tovuti ni mimi peke yangu. Nikampelekea mkurugenzi, Profesa Chenge. Kacheka. Eti sisi tuna sura yetu, hatuwezi kufanana na watu wa Sheria. Na kwani asiyeona anatafuta nini kwenye uvuvi?
Nikarudi mezani kwangu. Mwoga mimi.

Jumanne, 13 Mei
Jibu limekuja lenyewe ofisini. Mihayo, mwaka wa tatu, kwao Kisesa. Haoni tangu utotoni. Anaomba mafunzo kwenye boti ya utafiti. Nafasi kumi tu, za wanaowahi, na dirisha la maombi kwenye tovuti yetu linafungwa Ijumaa saa kumi jioni.
Simu yake humsomea kila kilichopo kwenye skrini. Kafungua tovuti yetu. Simu ikasema: picha. Picha. Picha. Picha.
Vitufe vyetu vyote ni sangara! Profesa ndiye aliyetaka, mimi ndiye niliyewachora. Aliyefumbua mdomo ndiye “Tuma”.
Mihayo kaniuliza taratibu, “Dada Truphosa, hawa samaki hawana majina?”
Nikasema nitamjazia mimi. Kakataa. Mwaka wa kwanza alijaziwa na mtu, akapangiwa bweni la wasichana.

Jumatano, 14 Mei
Kuwapa sangara majina — dakika ishirini, nimemaliza. Lakini nywila ya kuyapandisha mabadiliko kwenye tovuti anayo Profesa, na Profesa kaitisha kikao.
Watu tisa. Saa tatu nzima! Mzee Revocatus wa maktaba kasimama: huyo si sangara, ni sato, na taasisi haiwezi kumdanganya mtu asiyeona. Mwingine akataka simu za wanafunzi zisome kwa sauti ya kiume, yenye heshima. Nikasema simu ni za wenyewe. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba nimepinga heshima.
Kikao kimeahirishwa mpaka samaki atambuliwe.

Alhamisi, 15 Mei
Dokta Kija, mtaalamu wa samaki, katoa majibu. Kichwa cha sangara, mkia wa sato.
Profesa haitikii shikamoo yangu.

Ijumaa, 16 Mei
Sijui nianzie wapi. Naandika hapahapa, kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Profesa.
Saa tisa nimemshika Mihayo mkono, tukaingia bila miadi. Nimesema yote: nafasi tisa zimeshajaa, imebaki moja, na kijana huyu anazuiwa na michoro yangu. Naomba nywila.
Profesa kasema tovuti haina kasoro, watu hawajazoea tu. Akavua tai. Akajifunga nayo machoni! “Nipeni hiyo simu. Nitajaza jina langu kama mfano, mtaona.”
Picha. Picha. Kikombe cha chai kikaanguka. Picha. Jasho. Mara ajikute kwenye bei za vifaranga vya samaki. Mihayo akawa anamwelekeza kwa huruma kabisa: “Shuka, Profesa. Shuka tena. Hapo ndipo na mimi hukwama.” Dakika arobaini! Nikamwomba afungue macho. Hataki. Kashindwa mara sita, ya saba akabonyeza kwa hasira — na simu ikatamka maneno kamili.
“Hongera. Maombi yamepokelewa. Nafasi zimejaa.”
Nikatazama orodha kwenye kompyuta. Namba kumi: Chenge. Mwanafunzi.
Dirisha limejifunga. Mihayo amesikia. Ameinamisha kichwa, mikono magotini.
Profesa bado kajifunga tai machoni, anatabasamu kuelekea kabatini. “Si mmeona? Inawezekana! Haya Mihayo, zamu yako.”
Anamnyooshea simu. Hakuna anayeipokea.
“Truphosa? Mbona kimya?”