Sentensi ya Mama

Jumamosi, Mtoni

Aibu haijaniisha. Programu yangu ya chuo inapima sentensi za Kiswahili kwa kanuni za sarufi nilizoitungia mwenyewe. Leo nilimwita mama aijaribu, na Neema, ninayesoma naye, alikuwepo. Mama akaandika taratibu, kwa kidole kimoja: "Mie napikaga pilau Ijumaa."

Kompyuta ikajibu: "Hiki si Kiswahili."

Neema akacheka. Na mie nikacheka.

"Nisamehe mwanangu," mama akasema. "Shule sikufika mbali."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusema. Kosa ni langu, sikuweka kanuni ya "mie" wala ya "napikaga". Neema alipoondoka nikaziongeza, sentensi ikakubaliwa. Nikamwita mama aandike tena.

"Andika wewe," akasema. "Mie nitakuharibia."