Namba ya Rebeccah

Jumapili, 4 Mei

Tulimzika Rebeccah jana, kwao Silibwet. Mvua ilinyesha vibaya, viatu vyangu bado viko nje, tope tupu. Sikulia kaburini. Nimelia leo jikoni nikimenya viazi, mpaka Nyamweya akauliza kama ni kitunguu. Huyu bwana wangu! Nilimwambia ndiyo, ni kitunguu.

Grupu la WhatsApp la Majirani ni sisi wawili tulilianzisha, baada ya ile fujo ya ng'ombe hapa mpakani. Mimi Mkisii, yeye Mkipsigis. Watu wa Sotik wakasema hawa mama wamechanganyikiwa. Leo tuko zaidi ya mia mbili. Kazi yangu ni ukali: kufuta matusi, kunyamazisha watu wa siasa. Yake ilikuwa kukaribisha. Mtu akiongezwa tu, Rebeccah huyo na salamu ya kwao — chamgei, karibu, unatoka wapi, ng'ombe wako wanaendeleaje? Hata kijana aliyekuja kutukana. Hasa huyo, alikuwa akisema, maana mtu aliyesalimiwa vizuri huona haya.

Leo ameongezwa mzee mmoja wa Londiani. Hakuna aliyemsalimia. Nimeandika "karibu", nikaona halitoshi, nikashindwa kuongeza neno.

Jumatatu, 5 Mei

Nyamweya anasema mkutano wa grupu wa tarehe kumi na saba niuahirishe. Siahirishi! Rebeccah ndiye alichagua hiyo tarehe, akiwa kitandani hospitali.

Mkutano wetu hauna ajenda wala meza kuu. Viti vinapangwa duara. Mwenye neno analiandika kwenye karatasi ya manila, anabandika ukutani, anakaa chini yake. Anayelitaka anamwendea. Ukichoka unainuka unaenda kwa mwingine, hakuna kununiana. Mwaka jana chifu alikuja akawa anatafuta kiti cha mbele. Alizunguka, maskini, hakuna mbele! Rebeccah alicheka mpaka akashika ukuta.

Nammiss. Aki nammiss.

Jumatano, 7 Mei

Siku gani hii! Mchana Nyabuto, yule wa hardware, amenipigia akihema. Akaniita, Mama Vinny, fungua grupu, marehemu anaandika.

Nikafungua. Kweli. Juu pale: Rebeccah typing. Inapotea. Inarudi. Mama mmoja ameanza kukemea pepo kwa voice note. Nyabuto anasema toa hiyo namba, watu wanaogopa. Mimi nikawaza matapeli — si wanachukua simu za wafu na kuombaomba kwa watu? Wamtumie Rebeccah wangu hivyo?

Nikamtoa. Kidole kimoja tu. Grupu likaandika mbele ya wote kwamba Phanice amemwondoa Rebeccah. Nikajiambia nimemlinda.

Alhamisi, 8 Mei

Ee Mungu. Alikuwa Cheptoo.

Mzee Kimutai, shemeji yake Rebeccah, amepiga asubuhi nikichuma majani chai, kikapu mgongoni. Simu ya mama anayo Cheptoo, kitinda mimba wao. Kila jioni anaichaji, anamsomea baba yake vile tunaandika juu ya mama. Jana akapata nguvu naye aseme kitu. Anaandika, anafuta, anaandika. Halafu simu ikamwambia ametolewa.

Mzee hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, polepole: nyinyi kwenu mkifiwa, mnamfungia mtoto nje?

Nimempigia Cheptoo, hashiki. Nimemtumia link ya kurudi. Tiki mbili, zikageuka bluu. Amesoma, hajarudi.

Jumamosi, 10 Mei

Wanatoka. Walianza wa Silibwet, sasa ni wa Bomet. Hakuna kwaheri, hakuna tusi. Anayeona mtu akitoka ni admin peke yake, kwa hivyo ni mimi tu ninayeona, jina baada ya jina. Wengine wanaendelea kuulizana bei ya maziwa.

Jioni mpumbavu mmoja wa upande wetu ameandika waacheni waende, ndiyo tabia yao. Nimelifuta hilo neno saa hiyo hiyo. Bure! Screenshot ilishafika Bomet.

Nyabuto ananiambia si kosa langu, namba ya marehemu lazima itolewe. Nikamwambia ni wewe ulinipigia, na mbio za nini? Tumegombana ndani ya duka lake, mteja amesimama na misumari mkononi. Mimi na huu mdomo. Lakini kidole kilikuwa changu, si chake.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda Silibwet na sukari na ndizi. Baba Cheptoo amenipokea vizuri, amenipa chai, tumeomba. Nikasema kosa langu lote, sikuficha kitu. Akasema, tumesikia. Nikangoja aendelee. Akaniongezea chai.

Cheptoo yuko shambani, wakasema. Patipati zake zilikuwa mlangoni pa jikoni, moja imelala juu ya nyingine. Nimekunywa chai yote, nikaaga kwa sauti kubwa ili anisikie huko alikojificha.

Ijumaa, 16 Mei

Naogopa kesho. Nyamweya anasema maji yakimwagika hayazoleki. Nimemwambia anyamaze, alale.

Jumamosi, 17 Mei

Niko ndani ya ukumbi wa kanisa. Naandika hapa hapa katikati, daftari mapajani.

Upande wetu umejaa. Upande ule, viti vitupu. Kimutai amekuja na wazee wachache, wamekaa karibu na mlango kama watu wenye safari. Nimefungua kwa maombi, halafu nikasema wazi mbele ya wote: ni mimi nilimtoa, sikuuliza, nimeumiza nyumba ya rafiki yangu, naomba msamaha. Mtu akakohoa. Kimutai alikuwa anaangalia mvua.

Basi, karatasi. Mbolea. Barabara. Maziwa kumwagika. Ng'ombe kuvuka mpaka — hiyo daima. Watu wakaanza kuinuka.

Ndipo Cheptoo akaingia. Peke yake, amelowa, ndani ya sweta ya mama yake. Hakumsalimia mtu. Akachukua kalamu nene, akaandika neno moja, MAMA, akalibandika kule mwisho kwa dirisha. Akakaa chini yake.

Vikundi vimejaa sasa, kuna kelele nzuri. Kwake hakuna mtu. Wanapita, wanasoma, wanainamisha macho, wanaenda kwa mbolea. Wanaume wanadhani ni mambo ya wanawake. Wanawake wanadhani ni ya familia. Wa upande wetu wote wanadhani ni kesi. Hata Kimutai, damu yake, ameenda kwa maziwa!

Na mimi siruhusiwi. Anayeendesha mkutano habanduki katikati, haingii kikundi chochote, watu wasije wakasema ameegemea upande. Kwa hilo Rebeccah hakuwa na mchezo hata kidogo. Aliwahi kunivuta blauzi nikielekea kwa watu wa majani chai. Kaa, Phanice, ukienda wewe wote watakufuata, na huo si mkutano wetu tena, ni wako.

Nikienda sasa watasema namwendea mtoto kumnyamazisha. Wazee wa Kimutai watatoka, na grupu litakuwa limekwisha leo, hapa hapa, mikononi mwangu.

Chai imeletwa. Amepelekewa kikombe, amekishika tu, hakunywa. Kando yake kuna kiti, ameweka mwavuli juu yake. Sijui anamwekea mtu au anazuia watu. Amekunja shingo vile mama yake alikuwa akiikunja akichoka. Hajaangalia huku hata mara moja.

Mtoto ameandika mama na watu mia wamempita.

Kimutai ameona nimesukuma kiti changu nyuma. Ameacha kuongea. Wa maziwa wote wameacha kuongea, na Nyabuto ananitikisia kichwa kutoka kwa mbolea, usiende, usiende.

Wakitaka wavunje grupu. Naenda.