Barafu za Mama na Theluji ya Clementina

Mpendwa Mshauri,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, kwa hiyo naomba msaada wako na naomba usiulize jina langu: nina miaka kumi na tano, naishi mtaa wa Albert Park, ugenini huku kusini, na nimemdanganya Mama kwa sababu ya wivu.

Dada yangu Clementina alichaguliwa na shule yetu kwenda Japani miezi mitatu, kwenye shule rafiki huko Sapporo, na ile hotuba iliyompa nafasi niliiandika mimi, kila neno, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu sauti inakauka, lakini yeye hata kwenye robot, zile taa za barabarani, anaweza kupiga soga na dereva asiyemjua mpaka taa ibadilike, basi akaenda yeye, nikabaki mimi na joto la Februari na kazi ya kufunga barafu za ukwaju ambazo Mama anauza nje ya geti la shule.

Wiki iliyopita ikaja faksi yake shuleni, kwa Kiingereza, mwalimu akaisoma darasani, jinsi walivyoijaza theluji kwenye boksi kubwa la mbao wakaikanyaga kwa miguu mpaka ikashikamana, halafu wakaichonga kwa koleo na vishoka kwenye tamasha, mji mzima sanamu, nyumba, wanyama, hata samaki wa kweli wamegandishwa ndani ya barafu, darasa likapiga makofi, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kiingereza cha Mama ni cha kurudishia chenji, mimi ndiye mdomo wake. Jioni nikampelekea ile faksi, akaketi, akafuta mikono kwenye kanga. "Haya, soma mwanangu." Neno theluji nalijua tangu darasa la nne kule nyumbani Tukuyu, lakini mdomo ulitoa barafu.

"Anatengeneza barafu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama zangu?"

Hapo ningeweza kusahihisha. Nikasema, "Kama zako. Kutwa nzima, nje kwenye baridi."

Akakaza kanga kiunoni. "Yaani nimempandisha mtoto ndege akafunge barafu za Wajapani?"

Na mwisho wa faksi sikuusoma. Kundi lao lilimwachia Clementina achague sanamu, akamchagua Mama, na kanga yake na deli la barafu kichwani, watu wakapanga foleni kupiga picha naye. Nilisema hapo ni salamu tu.

Siku ile nilifurahi, nisikufiche. Sasa Mama hali chakula vizuri, amemwambia Mama Goodluck wa ghorofa ya chini, naye kasema, "Eish, dada, wanamtumikisha huyo, nenda kaseme." Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna kikao cha wazazi, Mama anataka kusimama adai mtoto wake arudishwe, na wa kumtafsiria ni mimi, sasa nifanye nini, nitafsiri uongo wangu mwenyewe mbele ya walimu wote, nasikia deli linagonga ukuta wa ngazi, anapanda, naficha karatasi hii chini ya

*

Mshauri anajibu:

Mwanangu mkalimani, karatasi uliificha, sasa itoe ile faksi.

Wivu wako nauelewa. Aliyeandika kabaki, aliyesema kapanda ndege. Hata mimi ningenuna. Lakini Clementina hakukuibia, maneno ulimpa mwenyewe kwa woga wako. Mwizi hapa ni wewe. Umechukua sanamu ya mama yako ukaiita salamu. Mama anabeba deli juani ili nyinyi wawili msome, watu wa mbali wamepanga foleni kwa ajili yake, na wewe unamtazama akisukuma sahani pembeni. Ona aibu kidogo, haiui.

Usingoje kikao. Leo, kabla hajaanza kufunga barafu, mwambie: "Mama, nilisoma vibaya kwa makusudi." Atakufokea, nyamaza mpaka amalize. Kisha mwambie na la hotuba, maana ana mtoto mwandishi ndani ya nyumba na hana habari. Ijumaa nenda naye, simama, utafsiri atakachosema, hata sauti ikikauka.

Lakini leo hiihii msomee faksi upya, neno kwa neno. Sema theluji. Ukifika penye sanamu soma polepole: ile ya Sapporo imeshayeyuka, na mama yako hana pengine pa kuiona ila mdomoni mwako.