Spika ya Kumtaja Ridhiwani

Dada Somoe,

Shikamoo. Mimi mdogo wako, bingwa wa viatu vya mtumba Kariakoo nzima, sijambo. Hata mabosi wa Posta wananunua kwangu, wakifika wanajifanya wamepotea njia.

Uliniambia kwenye simu niache kelele, tumwachie Mungu. Mungu nimemwachia sehemu yake, dada. Yangu naifanya.

Ile spika yangu iliyokuwa inarudia "raba kali, bei ya kutupa" kutwa nzima, nimeifuta maneno hayo. Sasa inasema kwa sauti yangu hii tamu: "Ridhiwani na mwenzake Janki walipanda mlima kutalii, wakauawa. Muuaji hajakamatwa. Kama uliona kitu, njoo kwa Awadhi muuza viatu."

Mzee Ghanshyam, baba yake Janki, zamani alikuwa ananifukuza barazani kwake kwa makelele. Siku hizi ndiye anayeichaji spika hiyo dukani kwake.

Jana mpelelezi wa kesi yao alikuja. "Awadhi, faili limefungwa. Zima hiyo."

"Faili lako, afande, funga. Spika ni yangu."

"Unauza viatu au unauza maiti?"

Hapo utani uliniisha, dada. Mzee Ghanshyam akatoka, akaongeza sauti mpaka mwisho. Wauza mashuka wa jirani nao wakaomba rekodi, wakaiweka kwenye spika zao.

Ila mimi ni mjomba tu. Jirekodi wewe, umtaje mwanao kwa sauti yako, unitumie kwa simu. Tutaifungulia mtaa mzima, mpaka aliyemuua aisikie akiwa ananunua soksi.

Mdogo wako,
Awadhi